Kikao cha ukoo kimeamua, lakini wanasema ni Mungu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 23, mtoto wa mwisho na binti pekee kwa baba yangu. Hadi Machi mwaka huu nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea ualimu wa fizikia na hisabati. Mpango wangu niliuandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati bwenini: nimalize, nipate ajira, nimjengee baba choo cha ndani na bafu la maji ya moto, mengine baadaye. Kila Jumapili jioni niliuombea mpango ule mstari kwa mstari.

Machi hiyo hiyo baba akaanguka shambani kwenye viazi. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukapooza na maneno yakaondoka. Mama tulimzika 2019. Nilipanda basi na begi la nguo tatu nikijua narudi baada ya wiki mbili. Kiongozi wa darasa nilimtumia ujumbe kwamba nimepata dharura. Hadi leo sijarudi.

Baba alipotolewa hospitali kikaitishwa kikao cha ukoo. Kaka mkubwa ana duka la vipuri vya magari Dar, yeye alikuwa kwenye simu, ikawekwa mezani sauti ya juu. Kaka wa pili yuko Makambako na bajaji zake mbili. Wote wana wake na watoto. Baba mdogo ndiye aliyefunga kikao: "Mungu alijua haya yatakuja, ndiyo maana akatupa binti." Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya chai. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Tangu hapo naamka saa kumi usiku kumgeuza baba, saa kumi na mbili uji kijiko kwa kijiko, pampasi, kufua, shamba, dawa, kumgeuza tena. Kundi la darasa kwenye WhatsApp sijatoka. Mwezi wa saba waliweka ratiba ya mitihani. Nikawa nimesimama jikoni naisoma, uji ukafurika ukauzima moto wote.

Kuna jambo jingine linanichanganya. Baba hawezi kusema "maji". Anasema "ta, ta, ta", halafu analia kwa hasira. Lakini wanajumuiya wakija Alhamisi na kuanza tenzi, anaimba nao, maneno yamenyooka, beti zote. Wanasema huo ni muujiza, Mungu ananionyesha kwamba niko mahali aliponikusudia. Mama mmoja hapo hapo akaniambia masomo yangu yamekatika kwa sababu sikuwahi kutoa zaka ya bumu, ile hela ya mkopo wa chuo. Na kuna nabii mmoja nimepewa namba yake, anataka laki moja na nusu ya mafuta ya upako, anasema ndani ya miezi miwili baba atatembea na mimi nitakuwa darasani. Hela hiyo ninayo, nimeuza viazi. Wengine wote wananisomea Yeremia 29:11, ule wa Mungu kutuwazia mawazo ya amani na kutupa tumaini.

Kaka mkubwa hutuma elfu hamsini akiweza. Nilimwomba tutafute mtu wa kunisaidia, akasema mwaka huu ameweka ahadi kwenye ujenzi wa kanisa lao na hawezi kuchezea hela ya Mungu.

La mwisho naandika kwa aibu. Kuna asubuhi nilitamani baba angekufa siku ile ile shambani. Baadaye nilienda nyuma ya nyumba nikatapika. Siku hiyo nilimwambia Mungu kwa sauti kwamba siongei naye tena. Chuo kimefunguliwa wiki mbili zilizopita. Je, ni mapenzi yake niache? Na nikisema ndiyo, nitamwaminije tena?

Binti wa mwisho, Njombe

---

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuuguza.

Laki na nusu usitume. Hilo nalimaliza upesi kwa sababu hata wewe ulishalijua, la sivyo ungeshaituma. Fungua Yeremia, lakini anzia sura ya 28, sura ambayo wanaokusomea 29:11 huiruka. Yupo mle nabii anaitwa Hanania. Watu wamechukuliwa mateka Babeli, nyumbani kila mtu ana ndugu aliyekwenda, na Hanania anasimama hekaluni kuwaambia kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Kwa msisitizo akaivua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia na kuivunja. Ninachompendea Yeremia ni kwamba aliposikia ule unabii alisema amina. Alitamani uwe kweli. Kutamani hakukumfanya auamini, na kabla mwaka haujaisha Hanania alikuwa amekufa.

Ndipo inakuja ile sura ya 29, nayo ni barua kwa hao hao mateka. Mstari wa kumi, jirani kabisa wa ule unaosomewa, unataja miaka sabini. Wengi walioisikia ikisomwa walijua kwa hesabu ya kawaida tu kwamba watazikwa ugenini. Na agizo lililo mwanzoni mwa barua ni la kazi: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, uombeeni mji mliopelekwa. Kwa hiyo mtu akikusomea 29:11, mwitikie amina kama Yeremia, halafu urudi kumgeuza baba. Mstari huo haukuahidi kwamba mambo yako yatakaa sawa muhula ujao.

Sasa tukae kwenye kile kikao, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nasimama pale mlangoni ulipokuwa umeshika trei.

Umeniuliza kama ni mapenzi ya Mungu uache chuo. Nadhani maswali mawili yamefungwa kwenye kanga moja, tuyafungue. Kiharusi hakikupigiwa kura na mtu. Kilikuja, baba akaanguka, na kwa hilo una haki ya kumwuliza Mungu hata ukiwa unapiga kelele. Lakini kwamba wewe peke yako ubebe usiku na mchana, na kaka wa Makambako, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, abaki na bajaji zake kama kawaida, hilo liliamuliwa na watu wakiwa wamekalia viti. Mungu hakuwa kwenye ajenda. Aliitwa mwishoni kufunga kikao.

Baba yako mdogo simlaumu sana. Wazee wetu wengi wanaamini kabisa kwamba binti ndiye wa kuuguza, na wanaliamini kwa nia njema. Lakini usiandike jina la Mungu chini ya uamuzi wa baba mdogo. Ukifanya hivyo utaishia kumkasirikia Mungu kwa jambo ambalo hakulitamka, na kaka zako watalala usingizi mzuri. Hasira yako, mwanangu, nusu yake ina wenyewe, nao wana namba za simu.

Kuhusu ahadi ya ujenzi. Naomba umpelekee kaka yako Marko sura ya 7, kuanzia mstari wa 9. Mpelekee kwa heshima, bila vikaragosi vya WhatsApp. Wako watu Yesu aliowakemea kwa sababu walikuwa wakiwaambia wazazi wao: kile ambacho kingekusaidia wewe ni Korbani, yaani kimekwisha kutolewa wakfu kwa Mungu. Hela ya mzazi inageuzwa sadaka na mzazi anabaki mikono mitupu, na mtoto anaonekana mcha Mungu kuliko wote. Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Korbani ya siku hizi inatumwa kwa simu na risiti inarudi hapo hapo, ila ni ile ile. Kaka yako anaweza kumweleza mchungaji wake kwamba ahadi itachelewa kwa sababu baba ana kiharusi. Mchungaji mwenye akili atamwambia, kijana, ungekuja mapema.

Na akikujibu kwamba kutunza wazazi ni kazi ya binti, yupo Paulo kwa Timotheo, waraka wa kwanza sura ya 5. Mle imeandikwa watoto na wajukuu. Sijaona mahali palipoandikwa mabinti.

Unachotakiwa kufanya ni kuitisha kikao cha pili. Mwombe baba mdogo huyo huyo akiitishe, maana ukimzunguka utakuwa umemdhalilisha na utampoteza. Wiki moja kabla, chukua daftari uandike kila unachofanya na saa yake: saa kumi kumgeuza, saa sita kumgeuza, mkojo, nguo, kila kitu. Ukurasa wa pili andika fedha: pampasi, dawa za presha, nauli ya kwenda kwa fundi wa mazoezi ya viungo, sabuni, kuni. Siku ya kikao trei ashike mtu mwingine. Wewe uketi. Usianze na "naomba mnisaidie", maana ukianza hivyo mzigo utakuwa umeshaukubali kuwa wako na wao wanakupa tu mkono. Anza na "baba yetu atatunzwaje?" kisha usome daftari lako taratibu, usiruke mstari hata mmoja, hasa ile ya usiku.

Halafu ndipo mtaje njia. Ipo ya kumlipa mtu wa kijijini, mama mtu mzima mwenye nguvu, kaka wawili wakachangia mshahara wake kila mwezi kwa kiwango kinachojulikana, hiyo ya "akiweza" ife. Ipo ya baba kuhamia Makambako kwa muda. Ipo ya wewe kubaki mwaka huu mpaka Oktoba ijayo, halafu zamu ihame, na ikaandikwa na kusainiwa. Hii ya tatu ninaiogopa kidogo, kwa sababu Oktoba ikifika watasema umeshazoea. Lakini kama moyo wako mwenyewe unataka kubaki na baba mwaka huu, baki. Utakuwa umechagua, na sidhani kama mwili unachoka kwa namna ile ile mtu anapokuwa amechagua.

Chuo. Hapa nina wasiwasi zaidi kuliko kwenye imani yako. Umesema ulimtumia kiongozi wa darasa ujumbe. Hiyo si kuahirisha masomo. Kwenye kumbukumbu za chuo wewe kwa sasa ni mtu aliyetoroka mitihani. Vyuo vyetu vina utaratibu wa kuahirisha kwa sababu za kifamilia na za kiafya, una fomu na una mwisho wa muda, na kila wiki unayokaa kimya mlango unazidi kujifunga. Jumatatu piga simu ofisi ya usajili, kisha andika barua kwa mkuu wa kitivo, uambatanishe taarifa ya hospitali ya baba na barua ya serikali ya kijiji. Eleza kwamba mitihani ya mwezi wa saba ulikosa kwa sababu hiyo hiyo. Siwezi kukuahidi watakubali. Pia mtafute afisa mikopo wa chuo, usiache Bodi ya Mikopo ikahisi umeacha masomo. Haya yote fanya hata kama bado hujaamua kurudi.

Kuhusu baba kuimba. Huo uwezo upo kweli na madaktari wanaujua vizuri. Kwa watu wengi maneno ya kuongea hukaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ukiumia ndipo mkono na mguu wa kulia hupooza pamoja na ulimi kupoteza maneno. Wimbo hutegemea sana upande wa pili, na ule uliokaririwa tangu utotoni unaweza kubaki mzima wakati "maji" imepotea. Wataalamu wa kuwarudishia watu usemi hutumia mlango huo huo. Jaribu: akitaka maji, usimlazimishe atamke. Imbeni pamoja "na-o-mba ma-ji" kwa sauti ya utenzi anaoupenda, polepole, huku ukigonga kidole kwenye mkono wake wa kushoto kwa kila silabi. Fanyeni hivyo kila siku kwa muda mfupi, na siku akikasirika muache. Mshukuru Mungu kwa wimbo huo, ni zawadi. Ila usikubali mtu akutafsirie kwamba ni hati ya kukufunga pale nyumbani. Baba ataimba hata akishikwa mkono na mlezi wa kulipwa.

Mengine mawili ya mwili, kwa kuwa hukuyataja: anapokula awe ameketi wima na abaki hivyo kama nusu saa baada ya kumeza, na dawa za presha zisikatwe hata siku anapoonekana mzima.

Yule mama wa zaka nilitaka nimruke, lakini amenikumbusha kitu. Unajua Krapf, yule mmisionari Mjerumani? Watu wengi hudhani alikuja Mombasa kwa ajili yetu. Mpango wake ulikuwa Ethiopia, kwa Waoromo. Ethiopia ikamfungia mlango, akazunguka kwa bahari akitumaini kuwafikia kutokea kusini, na ndivyo alivyojikuta Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, wote wawili kwa siku chache. Akabaki. Akajifunza Kiswahili, akaandika sarufi, na kamusi yake kubwa ikachapishwa 1882, yeye akiwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Waoromo aliowakusudia hakuwafikia kama alivyopanga.

Nimewasikia wahubiri wakiisimulia habari hii kana kwamba Mungu alimwua Rosine ili sisi tupate kamusi. Inanichefua. Krapf mwenyewe aliandika kwamba kaburi lile ni ishara ya kazi iliyokwisha kuanza pwani hii, na yeye alikuwa na haki ya kusema hivyo, kaburi lilikuwa la kwake. Wewe unaweza siku moja, ukiwa na miaka hamsini, ukasema mwaka huu wa uji na pampasi ulikuwa na maana fulani. Ukiona hivyo utasema. Mama wa jumuiya hana haki ya kukusemea leo, na mimi pia sina, ndiyo maana swali lako la "kwa nini" nimelizunguka muda wote huu.

Sasa ile ya aibu.

Mimi nilimuuguza mama mkwe miaka minne. Mwaka wa tatu, usiku mmoja wa mvua, nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya mlango wake nikaomba afe kabla ya alfajiri. Kulipokucha nikampikia mtori. Sijawahi kumwambia mtu hadi leo ninapokuandikia wewe. Anayeuguza akichoka hutamani kazi iishe, na kichwa kilichochoka hakijui kutenganisha kazi na mgonjwa. Ulitapika kwa sababu unampenda. Ila mawazo hayo yakija kila siku, au yakigeuka yakawa juu yako mwenyewe, usingoje kikao. Nenda kituo cha afya umwambie mganga hivyo hivyo ulivyoniambia.

Na ulimwambia Mungu huongei naye. Lakini ulimwambia yeye, mwanangu. Kwa sauti, nyuma ya nyumba. Soma Zaburi ya 88 usiku huu baba akilala. Nyingi za kulalamika hugeuka mwishoni zikawa sifa; hii haigeuki. Inaanza na kilio na neno lake la mwisho ni giza, na waliokusanya zaburi wakaiacha humo humo, hawakuibandikia haleluya. Ukimaliza kuisoma na huna cha kuongeza, funga Biblia ulale, usijilazimishe shukrani ambayo haijafika. Kama utamwamini tena hilo sitakuamulia. Naona tu kwamba mtu aliyeacha kuamini hapotezi muda kumtangazia Mungu kwamba amemnunia.

Karatasi yako ya bwenini bila shaka imeshang'olewa na aliyepewa kabati hilo. Iandike nyingine ukiwa nayo nafasi, choo cha ndani kibaki mstari wa kwanza, baba atakihitaji kuliko zamani. Niandikie baada ya kikao unieleze kaka wa Dar alisema nini kuhusu Marko 7.

Na lile kundi la darasa, usitoke.

Shangazi